Injini isiyo na tabo inagonga: uongeze sensa, urekebishe avansi, au ubadilishe injini?

Swali hili huletwa zaidi na madereva wanaopakia Bukavu na kushuka Uvira, huku mashariki mwa Kongo. Gari ni Corolla au Carina ya zamani, au basi dogo la kabureta, lisilo na tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa kwa presha). Kushuka hakuna shida. Shida huanza kwenye safari ya kurudi, ukishapita Kamanyola na kuanza kuupanda mlima wa Ngomo: abiria wamejaa, magunia yako juu, umeshuka gia na bado gari linavuta kwa taabu, ndipo injini inaanza kutoa ule mlio mkavu wa chuma unaofuatana na mguu wako kwenye akseleta. Dereva ameshasikia kwamba magari ya kisasa yana sensa inayokomesha mlio huo, kwa hiyo anakuja na ombi fupi: "Mzee, niwekee na mimi."

Sensa yenyewe inapatikana. Unaweza kuitoa kwenye injini iliyokufa kwa bei ya chakula cha siku chache, na mahali pa kuifunga kwenye bloki panaweza kutafutwa. Kinachofichika ni kwamba sensa ni sikio tu, na sikio lisilo na mkono halirudishi nyuma avansi, yaani zile digrii ambazo cheche inatangulia kabla pistoni haijafika juu.

Ndani yake kuna kipande kinachotoa umeme mdogo kikitikiswa. Hakijui kilichokitikisa ni nini. Valvu ikifunga, kinapiga kelele. Pistoni iliyolegea ikigonga ukuta wa silinda, kinapiga kelele. Anayejua tofauti ni kompyuta. Kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE au 1ZZ-FE, kompyuta inajua krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iko wapi kila wakati, inasikiliza kwa muda mfupi tu baada ya pistoni kupita juu, inachuja mawimbi isiyoyahitaji, na ikithibitisha kwamba kweli esansi (petroli) imelipuka yenyewe kabla ya moto wa cheche kuifikia, inachelewesha cheche digrii chache kwa mara moja. Kisha inazirudisha taratibu hadi mlio ujaribu kurudi. Ndiyo sababu 1NZ-FE yenye mgandamizo wa 10.5 kwa 1 inavumilia esansi ambayo si nzuri sana. Gari la kabureta lenye delko (kifaa kinachozunguka na kugawia silinda umeme wa cheche) halina hata kimoja kati ya hivyo vyote. Ukifunga sensa kwenye bloki yake na kuacha waya unaning'inia, umefunga uzito wa ziada.

Teknolojia hii ilizaliwa kwa ajili ya tabo. Buick waliiweka kwenye V6 yao ya tabo ya mwaka 1978, na Saab wakaja na mfumo wao wa APC mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye tabo faida ni kubwa, kwa sababu kompyuta inaweza kukata presha ya hewa pamoja na avansi, na bila ulinzi huo pistoni inaweza kuvunjika ndani ya muda mfupi sana. Injini ya kawaida haina presha ya kukata. Kilichobaki ni avansi peke yake, na uharibifu wake mara nyingi huja polepole: kingo za pistoni zinaliwa, ringi zinavunjika, gasketi ya kichwa inaungua. Una muda wa kuchagua vizuri, basi utumie.

Bukavu inakudanganya

Kabla ya kulinganisha njia, elewa kwa nini gari lilelile ni kimya likipanda mtaa wa Kadutu hapa Bukavu na linalia chini ya Ngomo. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvira, pale ziwani, ni kama mita 770. Presha ya hewa hapa juu ni karibu kilopaskali 85, kule chini inafika karibu 92. Maana yake silinda inajaa hewa zaidi kwa karibu asilimia 8, na bonde la Ruzizi lina joto kuliko huku kwetu. Hewa nyingi na joto jingi ndivyo vitu viwili vinavyoita kugonga.

Sasa ongeza mazoea yetu. Fundi wa Bukavu anageuza delko kwa sikio: anaizungusha mpaka injini ichangamke, anafunga bolti, kwisha. Huku juu injini inakubali avansi kubwa kuliko iliyoandikwa na kiwanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Baadhi hubadilisha pia jikleri (vitundu vya kupimia esansi) za kabureta na kuweka ndogo ili gari lisinywe sana. Kwa Bukavu si wazo baya, maana kabureta isiyorekebishwa hulisha esansi nyingi kuliko hewa iliyopo. Lakini ukilishusha gari hilo bondeni, hewa inaongezeka na jikleri ni zilezile ndogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu unagonga. Dereva analaumu esansi ya Uvira. Wakati mwingine ana haki, mara nyingi hana.

Kuhusu esansi yenyewe: ukiwa unanunua kwa kadafi, yule muuza esansi wa pembeni ya barabara, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi inakauka upesi bila kuacha kitu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta, na mafuta ya taa yanashusha oktani vibaya. Hakuna sensa wala fundi atakayekutengenezea hilo.

Njia ya kwanza: taa ya avansi na delko iliyo nzima

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa magari mengi ya delko yanayokuja kuomba sensa. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu watu wanaidharau.

Injini iwe imepata moto, silensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta) iwe sahihi, taa ya avansi, ile inayomulika kila cheche, ibanwe kwenye waya wa silinda ya kwanza. Kwenye gari la kabureta, chomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye delko na uuzibe. Kwenye injini ya Toyota ya 4A-FE, fungua kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ndipo usome: inatakiwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Usipounganisha, kompyuta inaendelea kucheza na avansi na utasoma namba ya uongo. Kwa injini nyingine fuata kibandiko cha chini ya boneti kama bado kipo.

Ukishapata namba, usiondoke. Ongeza mzunguko wa injini ukiangalia alama ya puli ya krenki kwa taa. Kwenye delko ya zamani alama lazima isogee taratibu kadiri unavyoongeza. Ikikwama halafu ikaruka, zile bawa za ndani zinazosogeza avansi zimeshika kutu. Kisha vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu: kama kiwambo kimepasuka, utavuta hewa bila mwisho na alama haitatikisika. Delko yenye ugonjwa wa namna hii haiwezi kuwa sahihi Bukavu na Uvira kwa wakati mmoja, hata ukiigeuza mara ngapi.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi wanaikosea. Delko inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii 1 ya delko ni digrii 2 za krenki. Msogeo ambao macho yako yanauona ni mdogo sana, huo ndio mkubwa. Kama gari linagonga likiwa kwenye namba ya kiwanda, rudisha nyuma digrii 2 za krenki, lijaribu mlimani likiwa na mzigo na moto kamili. Likiendelea, ongeza nyingine 2. Ukifika digrii 4 chini ya namba ya kiwanda na bado linalia, acha delko, kwa sababu ugonjwa uko kwingine: masizi ndani ya silinda, mafuta ya injini yanayopenya kwenye ringi, hewa inayoingia kwa njia ya wizi kwenye manifoldi, au buji (plagi) za joto lisilofaa. Kwa NGK, namba ndogo ndiyo buji ya moto zaidi. BPR5 ina moto kuliko BPR6, na kuna wanaoweka 5 ili isichafuke mjini, kisha wanashangaa barabarani. Na thamostati. Ile tabia ya kuing'oa na kuitupa sielewi ilitoka wapi. Kwenye baadhi ya injini, ukiing'oa maji yanapitia njia ya mkato bila kupita vizuri kwenye radieta, na kichwa kinapata moto zaidi pale pale unapohitaji kipoe.

Kwa nini usirudishe avansi nyuma kabisa ili kelele iishe? Kwa sababu cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka wakati valvu ya moshi inafunguka. Nguvu inapungua, esansi inaliwa zaidi, valvu za moshi zinachomwa na maji yanachemka. Kwenye mlima wa Ngomo, ambako geji ya joto tayari iko juu, utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Ubaya wa njia hii ni kwamba avansi inakuwa moja kwa safari nzima. Ukiipanga kwa ajili ya bonde, ukiwa Bukavu utapoteza nguvu kidogo. Mimi naona ni bei ndogo.

Njia ya pili: sensa ya kusikilizia tu

Hapa sensa inaongezwa kwa ajili ya fundi. Unaifunga kwenye bloki, unaipeleka kwenye amplifaya ndogo ya betri, na mtu wa pili anakaa kando ya dereva na hedfoni masikioni wakati gari linapanda. Kugonga kunasikika kabla sikio la kawaida halijakipata, hasa kwenye mzunguko wa juu ambako kelele ya injini, upepo na abiria inafunika kila kitu. Kwenye mzunguko huo wa juu ndiko kugonga kunakoua, kwa kuwa hakuna anayeusikia mlio wake.

Kuna njia ya bei rahisi zaidi bila umeme wowote: bomba jembamba la shaba, ncha moja uibamize na kuitoboa, uifunge kwa bolti kwenye bloki, ncha nyingine uivalishe mpira mrefu unaoingia ndani ya gari hadi kwenye vifunika masikio. Inachekesha kuiangalia, na inafanya kazi. Epusha mpira na bomba la moshi.

Ukitumia sensa, aina inahesabika. Ile bapa yenye tundu katikati inasikia mawimbi mengi, hivyo inafaa injini yoyote. Ile ya zamani ya kuskrubu, nyingi zikiwa na waya mmoja, imetengenezwa iitike kwenye mawimbi ya injini yake tu. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 573 kwa kipenyo cha silinda kwa milimita, unapata kilohezi za kugonga kwa makadirio. 4A-FE yenye milimita 81 ni karibu 7.1. 3S-FE yenye 86 ni karibu 6.7. 1NZ-FE yenye 75 ni karibu 7.6. Ukichukua ya kuskrubu kutoka injini ndogo na kuiweka kwenye kubwa, itakuwa inasikiliza sehemu ambayo hakuna anayeongea.

Kuifunga: kwenye injini ya silinda nne, kati ya ya 2 na ya 3, juu kwenye bloki, mahali pa chuma kinene na si kwenye bati au brakti. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Usiweke washa wala gundi. Ile bapa ya Bosch inakazwa kwa Nm 20, ikikubali 5 juu au chini, kwa spana ya kupimia. Ukiikaza kwa hasira inakuwa bubu, ukiilegeza inapayuka. Waya wake uwe na kinga ya nyavu, na kinga hiyo iungwe masi upande mmoja tu.

Ninaipenda njia hii zaidi kwa garaji kuliko kwa gari moja. Sensa moja, amplifaya moja, unapanga avansi za magari ya wateja wote kisha unaing'oa. Mwenye gari halipii chochote zaidi ya kazi.

Njia ya tatu: sensa na kiboksi kinachorudisha avansi chenyewe

Hii ndiyo waliyo nayo akilini wanaosema "niwekee". Kiboksi kinakaa kati ya delko na bobini (koili ya cheche), kinasikia, kinachelewesha cheche. Kwenye karatasi ni nzuri. Kwenye injini iliyochoka ni balaa.

Sababu ni kelele. Kiboksi rahisi hakijui pembe ya krenki vizuri, hivyo kinasikiliza muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kelele ya kawaida ya injini pia inapanda na mzunguko, kwa hiyo kipimo cha "hii sasa ni kugonga" lazima kibadilike kutoka mzunguko hadi mzunguko, na mtu wa kukipanga ni wewe. Injini iliyotembea miaka, tapeti zikilia, pistoni ikicheza na brakti ya dinamo imelegea, itakipigia kiboksi kelele siku nzima. Nacho kitatii: kitarudisha avansi, gari litakuwa zito, litakunywa, na dereva atarudi akisema umemharibia motere. Kiboksi kitakuwa kimefanya kazi yake vizuri kabisa.

Ukitaka njia hii, injini iwe imepimwa mgandamizo na kukutwa nzima, tapeti zipangwe kwanza, na bado utahitaji njia ya pili ili kujua kiboksi kinasema kweli. Kwa taksi ya kubeba watu mjini, kati ya Nyawera na Panzi, sioni sababu. Kwa mtu mwenye injini mpya iliyotengenezwa upya na mgandamizo ulioongezwa, naiona.

Njia ya nne: kompyuta ya kupanga mwenyewe

Fupi: ni kwa wapenzi. MegaSquirt ya MS3Pro ina sehemu ya kusikiliza kugonga ndani yake, na wanaotengeneza saketi zao wenyewe hutumia chipu ya TPIC8101 ya Texas Instruments iliyobuniwa kwa kazi hii hasa. Inafanya vizuri kinachofanywa vibaya na kiboksi, kwa sababu inasoma krenki na kufungua dirisha la kusikiliza kwa wakati wake. Lakini unahitaji gurudumu la meno la krenki, waya mpya, laptopu, na fundi atakayekuwepo likizima usiku huko Luvungi. Kwa gari linalolisha familia, hapana.

Njia ya tano: injini iliyokuja nayo

Ukikaa na kalamu, njia hii inaonekana ghali mpaka uiweke kando ya ya tatu na ya nne. Kama injini yako ya kabureta tayari inakula mafuta na inasubiri kufunguliwa, pesa za ringi, kichwa, kiboksi na usumbufu zinakaribia bei ya injini iliyotumika yenye sensa yake, kompyuta yake na waya zake. Muhimu ni hayo mawili ya mwisho. Muuzaji akikuambia kompyuta utatafuta baadaye, ondoka. Waya zilizokatwa kwa msumeno ni hasara, na kompyuta yenye ulinzi wa ufunguo bila ufunguo wake ni jiwe. Pima pia kama brakti za injini na gia boksi vinakubaliana na gari lako kabla ya kutoa hata senti.

Kwa anayefanya barabara ya Uvira kila wiki na injini iliyochoka, ningemwambia achange kwa ajili ya hii, na wakati akichanga atumie ya kwanza. Mwenye injini nzima ya delko abaki na ya kwanza, asaidiwe na ya pili siku moja garajini.

Huenda unayo tayari

Kuna madereva wanaoomba kuongezewa kitu ambacho gari lao lilitoka nacho kiwandani. Kwenye Toyota za zamani zenye injekta, ukiunganisha TE1 na E1 swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, taa ya injini inapepesa namba. Ikipepesa 52, gari lina sensa ya kugonga na haisikiki. Kwa magari ya kusomwa kwa mashine, kodi (namba ya kosa) ni P0325. Kompyuta ikipoteza sensa inaogopa, inarudisha avansi nyuma moja kwa moja, na gari linakuwa zito mlimani bila kugonga. Mtu anadhani ni kabureta ambayo hana.

Utakuta pia rezista imeuziwa kwenye soketi mahali pa sensa ili taa izime. Sensa bapa za Toyota zina rezista ndani, kati ya kiloomu 120 na 280 kwenye joto la kawaida, na ndicho kinachoigizwa. Kompyuta inaridhika, taa inazima, na tangu hapo haisikii kitu. Ing'oe. Pima sensa kwa mita, kisha fuata waya mpaka kwenye kompyuta, maana soketi iliyooza na waya uliotafunwa na panya ni vya kawaida kuliko sensa iliyokufa. Kila kitu kikiwa kizima, futa kodi, lipandishe Ngomo likiwa na mzigo, usome tena kabla ya kununua chochote.